Mlango wa Umi, Kivinje

Ukimuuliza Umi wa Kilwa Kivinje kazi yake, atakuambia anatengeneza simu. Si uongo, ila moyo wake uko kwenye kikompyuta kilichokaa sebuleni kwao, kando ya televisheni. Yeye hukiita mlango. Kuna mtandao usio na mwenyewe, uliotawanyika kwenye kompyuta za watu duniani kote, na ujumbe wake hufungwa kwa kufuli kabla haujatoka kwenye simu ya mwandishi. Wasio na programu ya mtandao huo huupitia mlango wa Umi kwa kivinjari cha simu, na kufuli ni ileile. Yeye hupitisha tu. Kufungua hawezi, hata angetaka. Na hapati senti. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mama yake alipofariki, mama mkubwa Siti alifanya kama ilivyo ada ya msibani: redio akazima, televisheni akazima. Akachomoa na waya wa kikompyuta, maana nacho kilikuwa kinawakawaka taa. Umi, kwa majonzi, hakuona.

Siku ya hitma akaja Antonia kutoka Masoko, mmoja wa wanaoupitia mlango huo. Alitoa pole, akakaa mkekani, akasita, mwisho akanong'ona.

"Nisamehe dada, najua si wakati wake. Mlango umefungwa. Mwanangu Stephano yuko melini, simu zao zinachunguliwa, haandiki kwingine. Mara ya mwisho alisema anaumwa."

Umi akainuka kuuendea waya. Mama mkubwa akamshika mkono.

"Mwanangu, arobaini bado! Watu watasema tumeshasahau."

"Hakina sauti wala picha, mama mkubwa. Kinapitisha maneno ya watu. Hata mimi siyasikii."

"Yote yanapita humu, nawe hujui hata moja?"

"Hata moja."

Bi Siti akamkumbuka mdogo wake. Marehemu alikuwa kungwi. Wanawake wa nusu ya mji walimwambia yao, naye amekwenda nayo kaburini.

"Washa," akasema, akamwachia mkono.

Umi akachomeka waya, akaandika neno la siri. Antonia akasoma simu yake, akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga, kisha akatoka barazani kumjibu mwanawe.

Mama mkubwa akashindwa kujizuia. "Kaandika nini huyo mtoto?"

"Mama angeuliza?"

Bi Siti akatikisa kichwa. Akamvuta Umi kifuani, wakalia pamoja.