Unga Usio na Harufu

Mwaka ule mvua ilikatika mahindi yakiwa yamefika magotini mwangu. Kwetu Uvira vita vilikuwa vinaendelea. Redio ilitaja risasi, na sisi, wakimbizi katika kambi ya Dzaleka, Malawi, tulitazama mawingu yakipita bila kushuka.

Muhogo peke yake ulibaki kijani. Msimu uliotangulia, bibi mmoja wa mradi wa kilimo alikuja na vijiti vya muhogo vya kupanda kutoka Lilongwe. Alitueleza kwamba mvua haitakuwa tena ile tuliyoizoea, na kwamba zao hili huvumilia ukame. Mama, mkulima wa Fizi, alicheka kwa furaha. Lakini tulipochimba, alionja kipande kwa ncha ya ulimi, akatema. Ulikuwa ule mchungu, unaotaka kulowekwa siku kadhaa mpaka ulainike na sumu itoke.

Na maji ndiyo tuliyokosa. Bomba lilikohoa hewa. Kila nyumba ilipata ndoo moja kwa siku.

Jirani yetu, fundi cherehani kutoka Rwanda, aliumenya wake, akauanika juu ya bati, akausaga hivyo hivyo. Wengi wakamfuata. Mapaa yakawa meupe. Niliupenda weupe ule mpaka mama aliponiambia ninuse. Muhogo uliolowekwa hunuka uchachu, hata mpita njia hujua. Kambi haikunuka kitu.

Mama alimwonya jirani.

"Bila maji, ile njo sumu, dada."

"Bantu ba Fizi bamekuwa bazungu," jirani alicheka. "Sasa banaogopa bukari, ugali wa muhogo." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Mi niloweke na nini? Batoto bangu bakunywe nini?"



Kesho yake mama alimimina ndoo yetu yote juu ya muhogo ndani ya pipa. Akamwacha mdogo wangu wa kike nyumbani, akimwahidi uji jioni, nasi tukadandia gari la mizigo kwenda Lilongwe kumwomba yule bibi atutafutie maji.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kawaida, mtaa wa Area 18. Mlinzi alisema bibi yuko Mitundu, anagawa vijiti vingine. Uani vilirundikwa mafungu mafungu chini ya magunia, na mpira wa maji ulikuwa ukivimwagilia. Mama aliyatazama yale maji muda mrefu. Mlinzi alituruhusu kunywa. Tulikunywa mpaka matumbo yakauma. Hatukuja na chombo cha kubebea.

Tuliporudi, mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini kwa jirani, midomo ina weupe, akisema ardhi inazunguka.

"Alilia njaa," jirani alisema. Mikono yake ilikuwa bado na unga.

Mama alipiga magoti, akamnusa mtoto kinywani, akanusa tena. Kisha, bila kugeuka, akaniagiza maji.

Nilikimbia ndani. Nilisimama mbele ya pipa na kikombe mkononi. Muhogo ulikuwa unaelea, sumu yake ikiingia majini, na maji mengine hayakuwepo.