Siku Nyumba Ilipogeuzwa Kaya

Nakumbuka siku moja kuliko nyingine zote, mwanangu. Nilikuwa nimesimama kwenye tope mbele ya ofisi ya kijiji kule Gorong'a, mtoto mgongoni, namsikiliza binti mmoja, afisa wa mradi. Akatamka neno moja tu, moyo wangu ukaingia baridi. Neno lenyewe lilikuwa "kaya". Si neno baya. Wewe umelisoma shuleni na hujawahi kuliogopa. Lakini kabla ya masika binti yule yule alisimama pale pale akasema "nyumba", na sisi tukaenda kuchoma matofali kwa kuliamini hilo neno la kwanza.

Ngoja nikueleze taratibu, maana nyinyi vijana mnapenda kurukia mwisho. Mradi ulikuwa wa ruzuku ya nyumba bora. Wewe unachimba msingi, unachoma matofali, unasomba mawe na mchanga. Wao wanakuletea saruji, mabati, misumari na fundi. Ulikuwa msaada mzuri, siupingi. Nyumba zetu nyingi zilikuwa za udongo na nyasi, na nyasi za kuezekea zilikuwa zimeadimika kwa sababu kila pori lilishageuka shamba. Afisa akasema kila nyumba itapata.

Sasa, ukimwambia Mkurya nyumba, hujamwambia kuta. Nyumba ni mke na watoto wake, na shamba lake, na ng'ombe wake. Mji wa mwanaume mwenye wake wanne una nyumba nne, hata kama mojawapo imeanguka. Kwa hiyo wanaume walirudi makwao wanahesabu wake zao kwa furaha ambayo wake wenyewe hawakuwahi kuiona. Mzee mmoja alitia mlango mpya kwenye banda la mbuzi akatangaza kwamba hapo anakaa mke wake mdogo. Huyo mke mdogo alikuwa bado kwa baba yake, hata posa haijapelekwa.

Na mimi nilikuwa na nyumba ya aina yake. Mimi niliolewa na mwanamke. Usicheke, au cheka kisha unisikilize. Mama Nyangi alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa, kisha mume wake akafariki. Kwa desturi yetu mama wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe wa mahari akaoa binti, na watoto ambao huyo binti anazaa na mwanaume wa nje wakawa wa nyumba yake, wakabeba jina la marehemu. Tunaiita nyumba ntobhu. Wakati huo nilikuwa nimeshamzalia watoto wawili wa kiume, na aliwapenda kuliko macho yake mwenyewe.

Basi siku hiyo ya tope, afisa akaeleza kwamba malalamiko yamekuwa mengi na wafadhili wamebadilisha utaratibu. Kuanzia sasa ruzuku ni ya kaya, si ya nyumba. Kila kaya itajengewa nyumba moja, na mkuu wa kaya ndiye atakayeandikwa kuwa mwenye jengo na kiwanja chake. Watu wakaguna. Mzee wa banda la mbuzi aliguna kuliko wote.

Tulipotawanyika kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wengine walisema chini ya viwanja vyetu kuna dhahabu na bati ni chambo. Wengine wakasema wakishapata majina yetu watatuhamisha kama walivyohamishwa fulani na fulani. Mimi nilimshuku yule binti na buti zake za mvua. Ni mtu wa kushuku, nilizaliwa hivyo. Mama yangu alikuwa akisema hata titi nililitazama kwanza ndipo nikanyonya. Nilijiuliza ni nani amelalamika, na kwa nini neno libadilike wakati matofali yetu yameshaiva. Sikupata jibu kwa sababu sikumwuliza mtu.

Juma halikuisha, Marwa akaja na kibuyu cha maziwa. Marwa alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Nyangi, na mji wake ulipakana na wetu. Hakuwa na tabia ya kutuletea maziwa. Alikaa kwenye kigoda uani, akauliza habari za kikohozi cha mama, akasifu wanangu walivyokua. Kisha akasema hii habari ya kaya isitusumbue. Sisi tuandikwe chini ya kaya yake, mabati yatakuja kwetu, jina tu ndilo litakuwa lake. Damu ni nzito kuliko maji, akasema.

Nilikuwa jikoni namwona kupitia mlangoni. Mdomo wake ulizungumza na mama, lakini macho yake yalikuwa kwenye shamba letu la mihogo nyuma ya nyumba, yanakwenda mpaka kwenye mpaka na kurudi. Kwangu mimi alikuwa kama baba mkwe, na kwetu mkamwana hamtazami mkwe usoni, achilia mbali kumhoji. Heshima ya ukwe ni nzuri, mwanangu, lakini kuna watu wamejificha ndani yake. Nikachochea moto.

Kilichonitia hofu zaidi ni Mama Nyangi. Hakumkatalia. Alisema, "Tutaona, shemeji," akamsindikiza mpaka njiani, na pale wakasimama muda mrefu. Niliwaona wanacheka. Aliporudi hakuniambia hata neno moja, akaingia kulala na kikohozi chake.

Hapo ndipo shaka iliponishika. Nikasema, huyu mzee amechoka. Anataka afie chini ya bati, na atakayeandikwa hamjali. Lakini mimi je? Jengo likiwa la Marwa, siku mama akifa nitakuwa mgeni uani kwa Marwa, na wanangu hawatakuwa na mahali pa kuleta wake. Niliogopa sana, na sioni aibu kusema. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nikaanza kuitazama nguo ya karibu kuliko zote.

Nikaacha kuzungumza naye. Nilimpikia, nilimchotea maji, nilimsalimu asubuhi, basi. Na kila alipopita mtu wa kwetu Machochwe nikampa kitu ampelekee mama yangu mzazi: kwanza blanketi, halafu vikombe, halafu sufuria kubwa. Nilikuwa najiandaa kuondoka na watoto kabla sijafukuzwa.

Mchana mmoja Mama Nyangi alikuwa anapeta ulezi. Bila kuinua kichwa akaniuliza sufuria kubwa iko wapi. Nikasema nimemwazima mtu.

"Machochwe ni mbali kwa kuazima sufuria," akasema.

Akauweka ungo chini. Nilitegemea matusi, maana mdomo wake ulijulikana vijiji vyote vya jirani. Hakutukana.

"Unanishuku, Bhoke," akasema. "Sikukatazi. Mimi nimemshuku Marwa tangu matanga ya kaka yake. Lakini mimi nikishuku namsogelea mtu mpaka nimjue. Wewe ukishuku unafunga vyombo. Ukishuku ukanyamaza, umemfungulia mwizi zizi, halafu wewe ndiye unayekimbia."

Nikapata ujasiri nikamwuliza walikuwa wanacheka nini kule njiani.

"Nilimwacha aseme. Nilitaka nijue anataka bati au anataka ardhi. Amesema mpaka amechoka, na bati hajalitaja hata mara moja."

Kisha akaniambia kwamba mkwe haulizwi, sawa, lakini mkutano unaulizwa, na kwamba mimi nitakwenda naye. Akarudi kwenye ulezi wake. Nami, kwa tabia yangu, sikumwamini bado. Nilimwamini nusu.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa kuandikisha. Marwa alikuwa ameshakaa mbele, amevaa koti. Walipofika kwetu akasimama kabla hatujaitwa, akasema wale ni watu wake. Afisa akaanza kuandika. Mama Nyangi akanyoosha fimbo yake.

Afisa akamsalimu kwa adabu, shikamoo bibi, akampa nafasi. Mama akamwuliza swali moja tu: kaya ni nini? Afisa akalifafanua vizuri tu, tena nikaona amefurahi kuulizwa. Akasema kaya ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Mama Nyangi akageuka, akawatazama watu wote waliokuwa pale, akauliza ni nani amewahi kumwona yeye, au mimi, au wale watoto, wakila chungu cha Marwa. Mke mkubwa wa Marwa aliinamisha uso, na mabega yake yalitikisika kwa kicheko.

Marwa hakukubali kirahisi. Akasema hiyo si kaya, ni wanawake wawili. Akasema ndoa ya mwanamke kwa mwanamke serikali haiitambui, na nyumba isiyo na mwanaume haina mkuu. Kukawa na kelele. Wazee wengine walimkemea, maana alikuwa anaitukana desturi iliyoijenga miji ya mama zao. Afisa akateta na mtendaji wa kijiji, akarudi akasema mradi hauulizi habari za ndoa. Mkuu wa kaya anaweza kuwa mwanamke, ilimradi wanakaya wenyewe wamtaje mbele ya mkutano. Akamtazama mama, kalamu mkononi, akangoja jina lake.

"Andika Bhoke," akasema Mama Nyangi.

Mwanangu, ni lazima uelewe alichofanya. Yeye ndiye aliyetoa ng'ombe. Yeye ndiye aliyekuwa mume katika nyumba ile, na wazee walimpa heshima hiyo, aliketi nao na kusikilizwa. Mbele ya kijiji kizima alijivua akanivika mimi, niliyekuwa nimeshasafirisha sufuria yake. Mtu mmoja nyuma akacheka akasema mume ameolewa leo. Marwa akamwambia, "Shemeji, umejidhalilisha."

Mama akamjibu taratibu, "Shemeji yangu ana subira. Alikuwa ananisubiri nife. Sasa amsubiri huyu, bado ana miaka mingi."

Mabati yalikuja, pungufu, kama kila kitu kinachopita mikono mingi, na chumba kimoja kikakaa na nyasi misimu kadhaa. Mama Nyangi alilala chini ya bati masika moja tu, akilalamika kwamba mvua ina kelele. Kisha akatutoka. Marwa alikuja msibani, akakaa uani, akaitazama ile nyumba kwa muda, akanywa uji akaenda zake. Wanangu wote wameleta wake pale. Sikumwomba mama msamaha kwa kumshuku, naye hakuudai; sufuria ilirudi na tuliipikia.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia juzi mradi wenu wa nyumba umebadilishwa tena. Wanasema sasa ruzuku ni ya vikundi, mtaungana vijana, mtatoa viwanja vyenu, mtajengewa mahali pamoja karibu na barabara. Labda ni jambo jema. Sijui, na sitajifanya najua. Lakini neno likibadilika baada ya wewe kuchoma matofali, tafuta limebadilisha nini na limeacha nini. "Kiwanja chako" kikiwa "kiwanja cha kikundi", uliza mbele ya watu: kikundi kikivunjika, kiwanja kinarudi kwa nani? Usimwulize afisa pembeni, kwa sababu jibu la pembeni halina shahidi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na wala msiniambie swali ni utovu wa adabu. Tena mshuku mgeni, sawa, lakini mwangalie zaidi ndugu aliyeanza kukuletea maziwa wiki ile ile sheria ilipobadilika. Na ukimshuku mtu wa nyumba yako mwenyewe, mwambie kabla hujafunga vyombo. Huenda anakupigania kwa namna usiyoiona, na wewe unamwacha peke yake.

Basi, mwanangu, Mungu akupe paa lisilovuja na shamba lisilogombewa. Akupe watoto wa kukuzika kwenu. Na siku kalamu itakapongoja jina mbele ya mkutano, awepo mtu aliyekula nawe chungu kimoja, alitaje la kwako na aliache lake.