Kamba ya Mafundo Mawili

Nilipopewa baiskeli ya kazi, jambo la kwanza nililofanya ni kumtafuta mtu aliyeiba kiti chake halisi.

Hakuna aliyekiiba. Baiskeli ilipanda kutoka Tanga juu ya lori ikiwa na kiti kilekile, cheusi, chembamba, kigumu kama mchi. Lakini mimi sikuamini kwamba serikali inaweza kumpa mtu kitu kama kile kwa nia njema. Karani wetu pale ofisini Lushoto alikuwa na baiskeli ya aina hiyohiyo, na alikuwa akiiendesha huku akipiga mluzi. Siku moja alipokwenda kunywa chai nikabonyeza kiti chake kwa kidole gumba. Kilikuwa kigumu sawa na changu. Nikaamua kwamba amekibadilisha asubuhi ileile, baada ya kuhisi kwamba nimemgundua.

Ndivyo nilivyokuwa, na umri haujanibadilisha sana. Nikipewa embe bila kuomba, huliangalia upande wa chini kwanza.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa bibi maendeleo, kazi yangu kuzungukia madarasa ya watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma na kuandika. Siku tatu za wiki nilikwenda upande wa Kwai, siku mbili upande wa Vuga. Kwa milima yetu, nusu ya safari unaikokota baiskeli na nusu nyingine inakukimbiza. Nilipofika darasani sikuweza kukaa. Nilifundisha nimesimama tangu mwanzo hadi mwisho, na wanafunzi wangu, watu wazima wenye wajukuu, wakaona mwalimu wao ni mkali. Usiku nilimwomba mume wangu maji ya moto yenye chumvi, wala sikumwambia ya nini.

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa na sikuwa na mtoto. Mama mkwe wangu alikuwa na maelezo yake. Jikoni aliyasema kwa Kishambaa, mbele ya wageni aliyasema kwa Kiswahili: baiskeli inaponda kizazi. Mwanamke hakuumbwa kupanda chuma. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole kupita kiasi, alinijia siku moja nikichambua maharage.

"Mama amesema tungoje mpaka mahindi yakauke," alisema. "Kama bado, baiskeli irudi ofisini."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mama amesema."

Kurudisha baiskeli maana yake ilikuwa kurudisha kazi, kwa sababu vijiji vile havikufikika kwa miguu kwa wiki moja. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nilipokuwa nateremka kutoka Kwai, kila jiwe likinifikia mpaka kwenye meno, nikaanza kumshuku mama mkwe kwa namna mpya: pengine anasema kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, na kiti kile nilikuwa nimekikalia mimi mwenyewe.

Nikaenda kwa fundi.

Alikuwa mzee Mwislamu mwenye banda la bati chini kidogo ya soko. Zamani, wakati wa Waingereza, aliwahi kushona matandiko ya farasi katika shamba la mzungu huko Kwai, na farasi walipoondoka na wenyewe akageukia baiskeli. Hakuwa akimtazama mwanamke usoni. Alizungumza na gurudumu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kinauma wapi?" aliliuliza gurudumu.

Ningesema nini? "Kinauma tu, baba."

"Mbele au nyuma?"

"Kinauma tu."

Akakipandisha upana wa kidole. Niliporudi wiki iliyofuata akakiinamisha pua. Mara ya tatu akakivisha ngozi ya mbuzi, ikawa nateleza nayo kila penye mteremko, nikawasili Vuga nimeshikilia usukani kama ninayening'inia kwenye tawi. Kila mara aliuliza wapi, na kila mara nilimjibu kinauma tu. Nikaanza kufikiri kwamba hataki kipone. Fundi anayeponya kiti mara moja atakula nini?

Mara ya nne hakugusa spana. Alinong'ona na mkewe, mama mnene mwenye sauti nyororo, kisha akatoka zake kwenda kuswali, ingawa kwa hesabu zangu adhuhuri ilikuwa bado. Mkewe akaleta gunia la pumba za mahindi, akalisawazisha kwa viganja, akatandika kanga juu yake.

"Karibu ukae, mwanangu."

Kiti cha mbao kilikuwepo pale pale, kitupu. Nikaona nimedharauliwa, lakini nikakaa. Akaniletea chai, akaniuliza habari za wazazi, za kanisani kwetu, za kabichi, habari ndefu zisizo na kichwa. Kila nilipotaka kuinuka alisema, "Maliza chai kwanza." Nilipoinuka, hakukung'uta kanga. Aliiondoa kwa ncha za vidole, akalibeba gunia kwa mikono miwili, bapa, polepole, akaingia nalo ndani.

Baiskeli niliiacha bandani, na nilikuwa nimefika sokoni kwa miguu nilipokumbuka daftari langu la mahudhurio. Nikarudi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Yule mama alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia, na juu ya pumba zilibaki alama mbili, mashimo mawili yangu. Alikuwa ananyoosha kamba ya mgomba kutoka shimo moja hadi jingine. Akafunga fundo hapa. Akafunga fundo pale.

Nililiacha daftari.

Wasomaji wa sasa watanicheka, na wacheke. Nilibatizwa nikiwa mchanga. Nilikuwa nikisimama mbele ya watu na kuwafundisha kwamba homa huletwa na mbu na kuhara huletwa na maji. Lakini bibi yangu mzaa mama alinifundisha mapema zaidi ya hapo kwamba ukiinuka ugenini ufute ulipokalia, kwa maana anayechukua alama ya mtu amemchukua mtu. Na fundo kazi yake ni kufunga. Niliposhuka barabarani nilikuwa nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili. Kila kitu kikajipanga: mwaka wa pili, tumbo tupu, fundi asiyenitazama usoni, chai isiyokwisha.

Nilimwambia mama mkwe. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukubaliana juu ya jambo, na nakumbuka utamu wake. Alinishika mkono mpaka kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Balozi aliita shauri Jumamosi, watu walipotoka shamba la kijiji. Walikaa na majembe yao, watu thelathini hivi, baba mkwe wangu akiwa mbele. Fundi alikuja amevaa kanzu safi, akiikokota baiskeli yangu isiyo na kiti. Mkewe alikuja nyuma yake na kikapu kilichofunikwa.

"Mzee," balozi akasema, "huyu mama anasema mlichukua alama yake na mkaifungia mafundo. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Watu wakasogea. Balozi mwenyewe hakutegemea jibu lile, ikabidi akohoe.

"Ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi gani?"

Mzee akaangalia mikono yake. "Kazi yangu mimi. Siwezi kuisema hapa mbele ya baba mkwe wake."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mnasikia?" Mimi niliona nimeshinda. Nilisimama wima, nadhani hata nilitabasamu.

Ndipo mkewe akainuka, akanishika kifundo cha mkono, si kwa upole, akanivuta nyuma ya jiko la balozi, kwenye migomba. Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na kiti cha baiskeli. Chuma cha chini kilikuwa kilekile cha zamani, lakini juu kilivikwa ngozi mpya ya ng'ombe, pana nyuma, nyembamba mbele, iliyokazwa kwa nyuzi kwa chini na kuchongwa mfereji katikati. Penye upana palikuwa na mabonde mawili ya kina kidogo. Akatoa kamba ya mgomba na kuilaza juu ya ngozi. Fundo moja likakaa katika bonde la kulia, la pili katika bonde la kushoto.

"Alishona matandiko ya farasi miaka kumi na miwili," alisema. Ile sauti nyororo sikuisikia tena. "Anajua mtu haumii kwa sababu kiti ni kigumu. Anaumia kwa sababu mifupa yake imekosa pa kukaa. Ungekuwa mwanamume angekupima mwenyewe. Wewe ni mke wa mtu. Akaniambia, mpime wewe, mimi nitatoka. Na mimi nikaona nikikwambia kaa nikupime, utakufa kwa aibu. Nikakupa chai."

Nikabonyeza ngozi ya kiti kwa kidole gumba.

"Sasa rudi ukawaambie."

Nilirudi, naye akinifuata na kikapu chake. Nataka niieleze hatua ile vizuri kwa sababu nimekuwa nikiirudia maisha yangu yote. Watu thelathini walikuwa wananitazama. Baba mkwe alikuwa ameegemea mpini wa jembe. Nilikuwa mtu wa kusimama mbele za watu, ndiyo ilikuwa kazi yangu, kutamka maneno wazi ili wengine wayarudie. Kumsafisha mzee yule kulihitaji sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo palikuwa na neno ambalo mke wa mtu halitamki mbele ya baba mkwe wake.

"Nimekosea," nilisema. "Naomba shauri lifutwe."

"Umekosea nini?" balozi akauliza.

"Nimekosea tu."

Nikajisikia. Lilikuwa jibu lilelile nililompa fundi mara tatu.

Mama mkwe akamwinamia jirani yake. "Ameogopa," alisema, si kwa sauti ndogo. "Huko nyuma wamemtisha."

Fundi alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakuwa na hasira. Alingoja kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kumaliza, kisha akainama, akachukua kiti na spana kikapuni, akakifunga kwenye baiskeli yangu mbele ya watu wote. Akakijaribu kwa mkono na kuondoka.

Kiti kile sijui nikisifu vipi. Siku ya kwanza niliteremka kutoka Kwai nikangoja maumivu yaje, na nilipofika bondeni nilikuwa bado nayangoja. Nilikishuku wiki nzima. Nilikikagua chini nikitafuta hirizi kwenye nyuzi. Sikupata kitu ila mshono uliosokotwa vizuri. Darasani nikaanza kufundisha nimekaa, na wanafunzi wakasema mwalimu siku hizi ana huruma.

Kabla mahindi hayajakauka nilikuwa na mimba.

Na hapo ndipo nilipommaliza kabisa yule mzee. Nyumba nzima ilifurahi, mama mkwe alinisalimia kwa jina la mtoto ambaye hajazaliwa, na kote, kuanzia kisimani mpaka sokoni, watu walikuwa na neno moja: amemfungulia. Alifunga, akashitakiwa, akaogopa, akafungua. Tumbo langu likawa ushahidi. Nilikwenda nalo barabarani kila siku, juu ya kiti chake.

Watu wakaanza kupeleka baiskeli zao Mombo, mwendo wa kuteremka mlima mzima, kuliko kuziacha kwake. Nilijaribu kurekebisha. Nilikuwa nikisema, "Hapana jamani, yule mzee ni mtu mwema." Wakaitikia kwa vichwa. Kila anayemwogopa mchawi husema hivyohivyo. Mtoto alipofika miezi mitatu nilimchukua makusudi siku ya soko, nikamkabidhi mke wa fundi ampakate mbele ya umati, ili waone kwamba siogopi. Jirani yangu alinisubiri njiani. "Umefanya la maana," aliniambia. "Mchawi mpe mwana akulelee."

Siku hiyo mzee alikuwa amekaa bandani peke yake akishona mshipi wa kikapu. Hapakuwa na baiskeli hata moja mbele yake. Aliiona yangu, akanyoosha mkono, akakaza nati.

"Kinauma?" aliliuliza gurudumu.

"Hakiumi, baba."

"Haya."

Nilikuwa na nafasi hata pale. Umati ulikuwa hatua ishirini nyuma yangu. Nilisema asante, nikamfunga mtoto mgongoni.

Nilikitumia kiti kile miaka kumi na mmoja, watoto wanne. Fundi na mkewe walihamia kwa binti yao Mazinde, na huko walizikwa, na nasikia hata huko sifa iliwafuata, kwa sababu lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baba mkwe wangu amefariki. Mama mkwe amefariki. Balozi amefariki. Hakuna tena wa kumwonea haya, na ndiyo maana naona ujasiri wangu wa leo hauna thamani kubwa. Hata hivyo nauandika, kwa sauti niliyopaswa kuitoa Jumamosi ile, mbele ya majembe yale.

Mzee yule hakuchukua alama yangu. Alipima makalio yangu, kwa mkono wa mkewe, ili nisiumie.