Mwanamieleka Niliyesimuliwa Kisimani

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, huku Iramba, nilikuwa na miaka ishirini, mnene kuliko vijana wote. Jumapili ya kwanza baada ya mavuno tulikutana uwanjani kupigana mieleka. Kila mtu alijua nitashinda. Mchunga ng'ombe mmoja mwembamba akanibwaga chali mara mbili, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikaapa sirudi tena.

Wiki hizo fundi Mjapani alikuja kufunga pampu kisimani, na mwenyekiti akanipanga kubeba mabomba. Kiswahili cha fundi kilikuwa cha darasani, cha polepole. Siku moja, tukila ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza kwa nini siendi uwanjani. Nikamweleza.

"Kwetu mieleka ni kazi ya kulipwa, na ukimsukuma mwenzako nje ya duara, umeshinda," akasema. "Kijijini kwa mama yangu, enzi za babu, alizaliwa mwanamieleka mmoja, mnene kama wewe."

Akanisimulia. Mtoto huyo wa mkulima alipelekwa mjini kwenye kambi ya wanamieleka. Huko alifagia, akapika, akawasugua wakubwa migongo. Miaka minne hakupanda cheo, kwa sababu alisimama wima mno na wadogo wakamwangusha. Mwalimu wake akamwamuru asukume nguzo kila asubuhi, magoti yamekunjwa, nyayo haziachi ardhi. Ndipo akaanza kupanda. Alibakiza ngazi moja kufika juu kabisa, goti likaharibika. Akaacha, akawa mwalimu wa vijana.

"Kwa hiyo hakufika," nikasema.

"Hakufika. Lakini nilipokuwa mdogo, wazee walikuwa bado wanatuonyesha alivyosimama."

Fundi akainuka, akachuchumaa nusu, akanionyesha. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote. Mtu yule mdogo hakutikisika.

Kesho yake nilianza kusukuma nguzo ya zizi letu. Mama akatoka na ungo mkononi.

"Zizi limekukosea nini?"

"Nafanya mazoezi, mama."

"Basi sukuma upande ule ulioinama, angalau linyooke."

Baada ya wiki sita nilirudi uwanjani. Nilikunja magoti, nikamsukuma mchunga ng'ombe hadi akaingia katikati ya watazamaji. Nikainua mikono. Watu wakanishangaa, maana kwetu hilo si ushindi mpaka mgongo uguse udongo. Tukarudiana. Tulishikana muda mrefu, jasho likaniingia machoni, mwishowe akaniangusha.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenzangu alinipa mkono, akihema.

"Nani kakufundisha kusimama hivyo?"

"Njoo asubuhi nyumbani, nikuonyeshe."

Alikuja kweli, akaendelea kuja, naye akanifundisha kumtega mtu kwa mguu. Mavuno yaliyofuata tulitumwa wote wawili mjini Kiomboi, kukiwakilisha kijiji kwenye mashindano ya wilaya. Yeye alishinda mapambano yote. Mimi nilishinda mawili, nikapoteza moja, nikarudi nyumbani nikiimba.