Mlango wa Orsu

Saveria alikuwa ametandika vitanda vya hoteli ile miaka mingi, hata mikono yake ilikunja shuka bila kumuuliza. Ilikuwa hoteli ndogo ya vyumba saba, juu kidogo ya kijiji chao huko Korsika, na kabla haijawa hoteli ilikuwa nyumba ya baba yake. Kaka yake aliiuza kwa watu wa Paris, akaenda zake bara. Siku hiyo Orsu, mume wa Saveria, aliapa kwamba hatalivuka geti lile, awe hai au maiti. Mkorsika akiapa, jamani, hana mchezo. Tangu hapo akitaka kumchukua mkewe kazini alisimama barabarani akapiga honi.

Orsu alikufa mwezi wa Aprili, na Saveria hakulia. Mama yake ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye kila msiba kumwimbia maiti maombolezo, hata mapadri wakafuta machozi. Yeye, binti yake, akasimama kaburini macho makavu, kama mtu anayesubiri basi. Wanawake walimsema, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye mwenyewe aliogopa. Alikuwa amekufa ganzi kutoka kooni hadi tumboni, anakula bila kuonja, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: amlilie mumewe kabla mwaka haujaisha.

Msimu ulipokwisha, Novemba mosi, mwenye hoteli, Bi Odile, alimwambia alale pale usiku mmoja kama mgeni. Akapewa chumba alimozaliwa. Walikuwa wamekipaka rangi ya maziwa na kuweka beseni la kuogea chini ya dirisha. Saveria akaoga, akavaa joho jeupe la taulo, akaketi kitini kungoja moyo umwambie neno. Haukusema. Akainuka, akanyoosha shuka ambalo hakuna aliyelilalia.

Chakula cha jioni kililetwa mapema, kwa kuwa wageni walikuwa yeye na Wabelgiji wawili tu. Mhudumu akamwekea jagi la maji na mkate wa zabibu kavu, na hapo ndipo alipokumbuka. Ulikuwa mkesha wa Sikukuu ya Marehemu Wote. Kila nyumba kijijini ilikuwa imeacha mlango bila komeo, moto unawaka, maji na mkate vipo mezani, ili wafu wao wakirudi wasijione wamefukuzwa. Naye aliifunga nyumba yake kwa ufunguo kama msafiri, tena Novemba ya kwanza ya Orsu! Wala huku hotelini Orsu hawezi kumfuata. Ameapa.

Hakumuaga mtu. Alivaa koti juu ya lile joho, akateremka na ndala za hoteli miguuni. Hata njiani hakuhisi kitu. Miguu tu ndiyo iliyokuwa na haraka.

Alikuta mlango wa nyumba yake wazi. Karibu na moto alikaa Filumena, jirani yake, ambaye alipewa ufunguo wa akiba wakati Orsu anaumwa. Yeye na Orsu hawakuwa wamesalimiana tangu mbuzi wake alipoingia katika mizabibu ya Orsu, na habari ya mbuzi huyo ilizeeka kuliko watoto wa watu wengi.

“Niliona dirisha lina giza, dada, nikajua umesahau,” Filumena alisema. “Na yule mume wako akikuta pamefungwa, atakuja kugonga kwangu. Mimi na yeye bado hatujapatana.”

Saveria akauliza kama Orsu amekuja.

“Mlango uko wazi. Mengine ni yake.”

Saveria akaitazama meza. Mkate ulikuwapo, jagi lilikuwapo, na glasi ilikuwa upande wa kushoto wa sahani. Orsu alitumia mkono wa kushoto.

“Mimi nilikuwa namwekea kulia,” Saveria alisema. “Siku zote. Anakaa, anaihamisha mwenyewe, anakunywa. Hakuwahi kuniambia.”

“Alikuwa mkaidi, yule.”

“Hata siku moja, Filumena.”

Kisha akashika ukingo wa meza, na kilio kikamtoka kikubwa, kibaya, hakikufanana kabisa na nyimbo za mama yake. Filumena akainuka kwenda kurudisha mlango, kijiji kisisikie.

“Uache wazi,” Saveria akamwambia.