Mshale Uliokwenda Mahurunga

Mimi nina hasira za karibu, na binamu yangu, mtoto wa mjomba, anajua zinakokaa. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani: akikutukana unacheka, akichukua kitu chako hujaibiwa, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Haya yote nayajua. Lakini siku aliyoondoka na mshale wa makumbusho niliapa nitamvunja kiuno.

Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, katika makumbusho madogo Mikindani. Mshale wenyewe ulitoka Melanesia, visiwa vya mbali huko Pasifiki. Kisiwa gani hasa, hakuna anayejua. Una mwili mwepesi wa tete, ncha ya mti mgumu yenye miiba, na hauna unyoya hata mmoja, ndiyo maana kila mgeni hubisha kwamba si mshale. Mtaalamu alikuwa anakuja kesho yake kuutazama. Bosi akaniambia, "Huo ukipata hata mchubuko, usirudi kazini." Nikautoa kabatini, nikaulaza mezani, nikaufuta vumbi.

Binamu akaingia na mfuko wa muhogo. Nikaringa, nikamwambia asiguse kitu, mikono yake ina utomvu wa korosho. Akasema, "Sawa, mheshimiwa." Nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, muhogo upo, mshale haupo.

Simu ikalia. Picha: mshale umelazwa mkekani, pembeni sahani ya wali. Chini ameandika, "Mgeni wako kafika salama Mahurunga. Anasema huko kwako hajawahi kukaribishwa chakula."

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikagundua ninalia kweli. Polisi ningewaambia nini, kwamba nimetaniwa? Nikapanda bodaboda kwenda Mahurunga, kijijini kwa mjomba, na sare yangu ya kazi. Tulipofika Madimba, kwenye mitambo ya gesi, dereva akaniuliza kwa upole kama marehemu alikuwa ndugu wa karibu.

Kwa mjomba nikakuta ua umejaa wanawake. Mshale ulikuwa salama, binamu kauviringisha kwenye kanga yake ya Idi. Ila kuukomboa, akasema, nitwange makopa yote yale, muhogo mkavu uliojaa uani, na nikitwanga nitangaze kama ninavyowatangazia watalii. Basi nikashika mchi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. "Mabibi na mabwana, hiki ni kinu." Vigelegele. Wakaniuliza na mimi asili yangu wapi. Nikasema haijulikani. Bibi yangu akadakia kwamba pua hiyo ni yake, asitafutwe mtaalamu. Sijawahi kufurahi vile huku kazi ikinichungulia mlangoni kuniaga. Unga ulipojaa ungo, nikapewa mshale wangu, mzima.

Asubuhi binamu alikuja nami, eti kumsindikiza mgeni. Mtaalamu, mama mmoja mtaratibu, aliugeuzageuza mshale kwa glavu, akapima, akatazama nyuzi zilizofunga ncha yake kwa kioo cha kukuzia. Mwishowe akasema huenda ni wa kisiwa hiki, huenda ni wa kile, aliyeuchukua hakuuliza. Bosi akaridhika. Moyo wangu ukatua.

Binamu akauinamia mshale. Kisha akasema, "Kwa hiyo watu wake hawajulikani? Maskini. Tangu atoke kwao hajataniwa hata siku moja."

"Jana ametaniwa," nikamjibu. Ikanitoka kabla sijafikiri.

Bosi akageuka. Nikamweleza yote palepale, maana uongo ungenishinda. Mtaalamu alikuwa wa kwanza kucheka. Bosi alijikaza, midomo ikamsaliti. Kazi ninayo mpaka leo, ila binamu amepigwa marufuku kuvuka kizingiti.

Havuki. Kila akija mjini husimama nje, akachungulia ndani, na kuutukana ule mshale kwa Kimakonde, matusi ya ndugu kwa ndugu, ili nao ujue una watu.