Glavu za Kaka Taratibu

"Sijachukua! Hata mkinipasua tumbo hamtakuta glavu humo!"

Mama Cheche alisimama katikati ya karakana, mkono kiunoni, na msimamizi wa vifaa, kijana wa kumzaa mwenyewe, akarudi nyuma. Jina hilo alilipata kwa kusugua vyuma kwa grenda miaka nenda miaka rudi, ingawa waliomjua walisema cheche nyingi zilimtoka mdomoni.

"Mama, si mimi ninayesema. Ni kabati."

"Kabati! Sasa nagombana na kabati!"

Kabati lenyewe lilikuwa pale ilipokuwa stoo zamani, la chuma, refu kuliko mtu, lenye kioo mbele. Unagusisha kadi, unabonyeza namba, waya uliojiviringa unazunguka, na glavu zinaangukia kwenye kisanduku cha chini. Kila mtu ana kiasi chake, anayezidisha anajieleza. Na lilikuwa limeandika kwamba tangu Jumatatu, kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa, kadi ya Mama Cheche inatoa jozi moja.

"Kesho likisema tena, mama, kazi huna. Amri imetoka juu."

Nyumbani kulikuwa na mume mgonjwa wa mgongo na watoto wa marehemu dada yake, wote wakiangalia mikono yake. Akaivua kadi shingoni na kumtupia.

"Lala nayo wewe. Na kesho tuje wote tumshike huyo mwizi."

Asubuhi karakana ilikuwa tupu. Walisimama mbele ya kabati, msimamizi akipiga miayo. Taa ya kioo ikawaka. Namba ya kadi ikajiandika: ya Mama Cheche. Waya ukazunguka ukilia, glavu zikaanguka pu! Kifuniko cha kisanduku kikainuka polepole, kikakaa wazi kidogo, kikashuka bila kelele.

Msimamizi alijipapasa mfukoni. Kadi ilikuwepo. Mama Cheche akaingiza mkono kisandukuni. Patupu, na pana joto, kama kiti mtu alichoinuka sasa hivi.

"Mama, ni nani huyu?"

Mama Cheche alikigusa kile kifuniko. Karakana nzima alikuwepo mtu mmoja tu wa kuinua kitu namna ile: Kaka Taratibu, fundi wa meza ya jirani. Wenzake walimaliza chakula yeye bado anavua glavu, kidole kimoja kimoja.

Ijumaa iliyopita Mama Cheche alisahau kadi nyumbani, Taratibu akamtolea jozi kwa kadi yake, jozi yake ya mwisho. Mafundi walitoleana hivyo kwa siri, na sharti lilikuwa moja: unarudisha kwa mkono wako, kabla mashine hazijawashwa. "Jumatatu nitolee nawe, dada," alisema. Jumapili tumbo likamshika Taratibu, likaondoka naye.

"Anachukua kwa sababu sijampa," alinong'ona Mama Cheche. "Nipe kadi yangu."

"Utaongeza hesabu, mama!"

"Nipe, mwanangu, au nikuache naye hapa peke yako."

Kadi ilitoka mbio. Akaigusisha, akabonyeza, akazitoa glavu mwenyewe na kuzinyoosha hewani, akijiona kama mwehu.

"Shika, kaka yangu. Usinihesabie ubaya. Jumatatu nilikuwa kwenye mazishi yako."

Glavu zikawa nzito. Kisha zikaanza kumtoka mkononi, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Sakafuni hazikufika.

Kioo kikazima. Msimamizi alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Hii jozi niiandike kwa nani?"

"Kwangu. Nilikuwa nadaiwa."

Kijana alilitazama kabati, akamtazama yeye. Akabonyeza vitufe na kufuta jozi zote zilizotangulia. Ile ya mwisho akaiacha.

"Imelipwa, mama," alisema. "Kawashe grenda."